NANI ANA UFUNGUO? UTANGULIZI WA RIWAYA ZA KIGOTHI

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Mhariri aliniomba niandike somo, si hadithi. Hata hivyo itabidi nianze na kahadithi kadogo, nanyi mtanisamehe, maana bila hako sijui ningewaelezaje kwa nini mimi, ambaye siwezi kupita makaburini hata saa sita mchana, nimetumia likizo nzima kusoma vitabu vya kutisha.

Wale wa bweni letu mnaijua ile stoo iliyo mwisho wa korido, karibu na vyoo. Nilipokuwa kidato cha pili, kila "mono" aliyeletwa bwenini alisimuliwa habari za mtoto anayelia ndani ya stoo hiyo. Ati ukipita pale usiku wa manane ukatega sikio mlangoni, utamsikia akilia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezibwa mdomo. Na kweli alisikika! Mimi mwenyewe nilimsikia zaidi ya mara tatu. Tofauti ni kwamba mimi nilijua ni nini. Nitalirudia jambo hilo baadaye, msinikimbize.

Mwaka jana, muhula wa pili, mlezi wa Chama aliingia mkutanoni akiwa na rundo la insha zetu. Alikuwa ametupa kichwa "Usiku wa Kutisha". Basi bwana, insha thelathini na moja, na kati ya hizo ishirini na mbili zilimalizika kwa maneno yale yale: nikazinduka, jasho likinitiririka, kumbe ilikuwa ndoto! (Yangu ilikuwemo.) Mwalimu hakutukaripia. Alisema tu kwamba kuna mtu mmoja Mwingereza ambaye pia alianza na ndoto, ila yeye aliamka ndipo akaanza kuandika, sisi tunaandika ndipo tunaamka. Darasa likaangua kicheko. Hivyo ndivyo nilivyokutana na riwaya za Kigothi.

Kwanza jina. Wagothi lilikuwa kabila la kaskazini mwa Ulaya, na mwaka wa 410 jeshi lao liliuteka na kuupora mji wa Roma. Karne nyingi baadaye wataalamu wa Italia walipotaka kuyadharau majengo ya enzi zilizotangulia, waliyaita kazi ya Wagothi, yaani ushenzi mtupu, ijapokuwa Wagothi hawakuyajenga hata kidogo. Jina likakwama. Aliyefika Nairobi akaliona Kanisa Kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1917, ameuona mtindo huo wa ujenzi: mawe mazito, minara, madirisha yenye matao yaliyochongoka juu. Sasa vuta picha ya jengo la namna hiyo likiwa limeachwa miaka mia mbili, paa limebomoka upande mmoja, bundi wamehamia, na mwenyewe hataki kusema ni nini kilichomo katika chumba cha juu. Hapo ndipo hadithi hizi zinapokaa. Darasani tunafundishwa kwamba mandhari ni mahali na wakati wa tukio. Katika riwaya za Kigothi mandhari ni zaidi ya hapo. Nyumba yenyewe ni kama mhusika, tena mhusika anayejua siri za wenzake.

Yule Mwingereza wa ndoto aliitwa Horace Walpole. Alikuwa mbunge na mtoto wa mkubwa. Baba yake, Robert Walpole, huhesabiwa na wanahistoria kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Horace alikuwa na nyumba yake nje ya London, mahali paitwapo Strawberry Hill, nayo aliipamba ifanane na kasri la kale. Usiku mmoja wa mwaka wa 1764 aliota yuko ndani ya kasri, na juu kabisa penye kishikio cha ngazi akaona mkono mkubwa mno umevaa chuma cha vita. Jioni hiyo alianza kuandika bila kujua anaelekea wapi. Kitabu, The Castle of Otranto, kilitoka Desemba mwaka huo huo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba aliona haya. Alichapisha bila jina lake, akadai ati ni tafsiri tu ya kitabu cha Kiitaliano kilichopigwa chapa Naples mwaka wa 1529. Watu walipokipenda, ndipo katika toleo la pili la 1765 akakiri kuwa ni chake, na akakiita hadithi ya Kigothi. Jina la utanzu mzima limetoka hapo.

Hadithi yenyewe, nikisema kweli, ina vituko. Mtawala aitwaye Manfred anamwoza mwanawe wa pekee wa kiume, na siku ya harusi kofia ya chuma, kubwa kama kibanda, inaanguka kutoka kusikojulikana na kumponda bwana harusi. Tukasema, "Aka! Kofia?" Mwalimu akatuambia tungoje. Manfred, badala ya kuomboleza, anaamua kumwacha mkewe amwoe yeye mwenyewe yule bibi harusi, Isabella. Msichana anakimbia kwa njia ya chini kwa chini, gizani, na upepo unauzima mwanga aliokuwa nao. Mwishoni ndipo tunapojua kwamba babu yake Manfred alimuua kwa sumu mwenye milki halali na kughushi wasia. Kofia ile haikuanguka bure. Deni la babu limekuja kwa mjukuu.

Hapo mwalimu aliandika ubaoni swali ambalo tangu siku hiyo nimelibeba kama rula: Nani ana ufunguo? Alisema msikimbilie kuuliza kama mzuka upo au haupo. Ulizeni nani anaishi katika nyumba hiyo, nani anamiliki funguo zake, na nani anafaidika wengine wakiogopa kufungua mlango.

Lichukue swali hilo uende nalo kwa Ann Radcliffe. Mama huyu alichapisha The Mysteries of Udolpho mwaka wa 1794, akalipwa pauni 500, ambazo siku hizo zilikuwa fedha nyingi ajabu kwa riwaya. Alieleza milima ya Italia hadi msomaji ahisi baridi, na Italia kwenyewe hakuwa amefika. (Wale wanaosema hawawezi kuandika insha juu ya bahari kwa sababu hawajaiona, mmesikia?) Mhusika wake, Emily, ni yatima. Shangazi yake anaolewa na mtu mkali aitwaye Montoni, naye anawapeleka wote wawili katika ngome yake mlimani. Emily anapewa chumba cha kulala chenye mlango wa pili unaotokea kwenye ngazi za giza. Anautazama ule mlango vizuri na kugundua kwamba makomeo yake yako upande wa nje. Yaani yeye aliye ndani hawezi kujifungia, ila aliye nje anaweza kumfungia na kumfungulia apendavyo.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kwa muda. Hakuna mzuka uliokuwa umetokea. Hakuna damu. Ni komeo tu, na nywele zangu zilisimama.

Kisha kuna pazia jeusi. Katika chumba kimoja cha ngome kuna kitu kimefunikwa kwa pazia jeusi, Emily analifunua, anaanguka na kuzimia, na mwandishi anakataa katakata kutuambia aliona nini! Tunangojeshwa karibu hadi mwisho wa kitabu, na kitabu ni kinene. Hiyo ndiyo taharuki, wenzangu. Mwishowe tunaambiwa kilikuwa ni sanamu ya nta iliyofanyizwa kama maiti inayooza, iliyowekwa pale zamani kwa ajili ya toba ya mkubwa mmoja wa ukoo ule. Wako wasomaji waliokasirika kwa kudanganywa. Mimi sikukasirika, kwa sababu wakati tunashughulika na pazia, jambo la kutisha kweli kweli linatendeka waziwazi: Montoni anataka shangazi atie saini kumpa mali yake, shangazi anakataa, anafungiwa mnarani, anaugua na kufa. Halafu zamu ya Emily ya kutia saini inafika. Radcliffe aliiweka hadithi yake Ufaransa na Italia ya karne ya 16, lakini wanawake wa Uingereza waliomsoma walikuwa na sheria yao nyumbani. Mwanamke wa huko akiolewa, fedha zake na karibu kila alichonacho viliingia mikononi mwa mume, na mambo hayo hayakuanza kurekebishwa mpaka sheria za 1870 na 1882. Hakika walijua Montoni ni nani bila kufasiriwa.

Tusidhani jambo hili ni geni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka wa 1960. Ni riwaya ya upelelezi, si ya Kigothi, lakini angalia alivyofanya: maiti inapatikana penye mzimu wa kale, mahali pa kuogopwa, na Bwana Msa na kiko chake anakwenda kumtafuta muuaji miongoni mwa watu wenye miili na tamaa. Ukisoma vitabu hivi viwili pamoja utaona vinasalimiana.

Walikuwepo pia waliocheka. Jane Austen aliandika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya yeye kufariki. Humo msichana Catherine, ambaye kichwa kimejaa Udolpho, analala katika nyumba iliyokuwa makao ya watawa, na usiku wa tufani anakuta karatasi za siri ndani ya kabati jeusi. Mshumaa unazimika. Usiku kucha anatetemeka. Asubuhi anasoma: ni hesabu za dobi! Mashati, soksi, basi. Kitabu hiki nawashauri msome baada ya Radcliffe, si kabla, la sivyo hamtaona utani.

Sasa nifike kwa yule niliyempenda kuliko wote, na hapa nitakaa kidogo.

Aprili 1815 mlima Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka kwa nguvu kiasi kwamba majivu yake yaliyoenea angani yaliharibu hali ya hewa ya mwaka uliofuata hata Ulaya. Mwaka wa 1816 ulikuja kuitwa mwaka usio na kiangazi. Vijana kadhaa Waingereza walikuwa kando ya ziwa la Geneva, Uswisi, wakafungiwa ndani na mvua. Mmoja wao, mshairi maarufu Byron, akasema kila mtu atunge hadithi ya mizuka. Miongoni mwao alikuwepo msichana wa miaka 18, Mary, ambaye baadaye mwaka huo huo aliolewa na mshairi Shelley. Kila asubuhi waliuliza kama amepata hadithi, na kila asubuhi alijibu hajapata. Miaka 18! Ni umri wa wengi wetu wa kidato cha nne, na aibu hiyo ya kusema "bado, mwalimu" tunaijua.

Alipoipata, ilikuwa Frankenstein. Ilitoka Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Na hapa niondoe kosa ambalo hata mimi nilikuwa nalo: Frankenstein si jina la lile dubwana. Ni jina la mwanafunzi aliyeliunda, Victor Frankenstein, kijana wa chuo kikuu aliyetaka kuvumbua siri ya uhai. Kiumbe chenyewe hakina jina kwa sababu Victor hakukipa. Kilipofungua macho alitoroka. Basi. Aliunda, akatazama, akachukia, akakimbia.

Mary Shelley alijua mambo ya kuzaliwa na kuachwa. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, na mtoto wake mwenyewe wa kwanza alikufa mchanga mwaka wa 1815. Sisemi kitabu ni maisha yake. Nasema tu kwamba anapokieleza kile kiumbe kikijificha bandani na kuchungulia kwa ufa jamaa mmoja maskini, kikijifunza lugha yao neno kwa neno, kikiwakusanyia kuni usiku bila kuonekana, anaandika kama mtu anayejua kusimama nje ni nini. Mzee wa nyumba ile ni kipofu. Anapozungumza na kiumbe anamkaribisha kwa upole. Wanawe wenye macho wanaingia, na kijana wa kiume anakitandika kwa fimbo. Wanafunzi wa fasihi, mkitafuta mfano wa kinaya, huo hapo. Mkitafuta hadithi ndani ya hadithi, humu zimo tatu: nahodha anaandika barua, ndani ya barua Victor anasimulia, ndani ya masimulizi ya Victor kiumbe kinasimulia. Ni kama sufuria ndani ya sufuria, na ya ndani kabisa ndiyo iliyo moto.

Bram Stoker na Dracula yake ya 1897 nitampitia mbio tu, maana wengi mmeona sinema. Nanyi mliyoiona sinema hamjui kwamba riwaya yote imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Nilichokipenda ni kidogo tu. Mgeni wa Dracula, mwanasheria kijana, anagundua milango yote ya ngome imefungwa, kisha anachungulia na kumwona Dracula mwenyewe akitandika kitanda. Hapo anatambua kwamba ndani ya jumba lote hamna mtumishi hata mmoja. Wako wawili tu. Tandiko la kitanda! Sisi tungeandika fuvu, na radi.

Nilisema nitarudi stoo.

Katika Frankenstein yumo msichana wa kazi aitwaye Justine. Ndugu mdogo wa Victor ameuawa, na kitu alichokuwa amevaa mtoto kinakutwa mfukoni mwa Justine. Anashtakiwa. Victor anajua kwa hakika nani ameua, na anakaa kortini akitazama. Hasemi, kwa kuwa watamwona mwendawazimu, kwa kuwa itabidi aeleze alichokuwa akikifanya usiku chuoni. Justine ananyongwa. Sura hiyo niliisoma kitandani kwa tochi, na sikuendelea na kitabu kwa siku nne.

Mtoto wa stoo alikuwa simu. Dada wa kidato cha nne wa wakati huo walikuwa nayo moja, kinyume cha sheria za shule, wakaificha juu ya rafu ya bati. Ikipigiwa usiku ilitetemeka juu ya lile bati, ikatoa sauti kama ya kilio. Ufunguo wa kufuli walikuwa nao wao. Ili "mono" wasikaribie, hadithi ilihitajika, na sisi wawili wa kidato cha pili tukapewa kazi ya kuisambaza. Malipo yetu yalikuwa dakika tano za simu kila Jumapili. Niliisimulia vizuri, najua kusimulia. Lile jambo la mtu aliyezibwa mdomo nililiongeza mimi.

Alikuwepo msichana mmoja wa kidato cha kwanza, jina nalihifadhi. Ili kufika chooni ilimbidi apite penye stoo. Aliacha kwenda usiku. Mwajua kilichofuata, na mwajua bweni linavyocheka. Magodoro yakianikwa asubuhi, lake lilikuwepo kila siku. Matroni alituuliza sote mstarini ni nani anayewatisha watoto, nami nilikuwa mbele, nikatazama viatu vyangu. Baada ya mapumziko ya katikati ya muhula hakurudi.

Baada ya zile siku nne nilikwenda kwa mlezi wa Chama nikamweleza yote. Wenye simu walikuwa wamekwisha kumaliza shule. Aliniuliza nataka kufanya nini, nikasema sijui, akasema basi nisome kitabu hadi mwisho kisha nirudi. Niliporudi nilikuwa na barua. Yeye aliifikisha kwa mzazi wake.

Jibu lilikuja likizo ya Agosti, nusu karatasi. Anaendelea vizuri huko alikohamia, yuko katika timu ya netiboli. Habari ya simu alikwisha kuisikia zamani kwa mwenzake, hakushangaa. Ila usiku, asema, bado huenda chooni na mtu wa kumsindikiza, na akikuta mlango umefungwa kwa kufuli hapiti upande wake.

Frankenstein na Udolpho ziko katika kabati la Chama, rafu ya pili. Ufunguo wa kabati ninao mimi hadi mwisho wa muhula. Niulizeni wakati wa chai, darasa la kwanza kutoka bwalo.